Mkono wa Baba Kadzo

...kwa sababu mkono umeshapanda, hilo halina ubishi tena, umepanda pamoja na mikono ya safu nzima, na Crispus ameketi hapo chini ya hema la baraza, Maungu, nyuma ya soko, kiti cha plastiki kinamfinya mapaja, mkono wake wa kulia uko hewani na yeye anautazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani mwake, ametoka wapi huyu, nani kamfungulia, maana yeye hakumbuki kuutuma mkono popote, anachokumbuka ni Bi Carolyne, mwenyekiti wa kikao, aliyeshuka asubuhi na gari la serikali kutoka Voi, akisema kwenye maikrofoni inayokoroma, "Sasa, wale wanaotaka nchi yetu ijitoe kwenye huu mkataba wa wakimbizi, mikono juu, na msishushe jamani mpaka Ndanu amalize kuhesabu," na Maxwell, hapa kuliani, akamdunga kiwiko cha mbavu, "haya, mwenyekiti wa maji, tuonyeshe njia," na basi, lo, huo juu, hauna hata haya, na saa imeteremka kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko kwa sababu siku hizi amekonda, mke wake anasema ni mawazo, mawazo gani bwana, mtu akilala anakoroma... na Ndanu, karani wa chifu, ndiyo kwanza yuko safu ya pili, mama wa watu hana haraka, ananyooshea kalamu kila mkono, midomo inacheza, anafika katikati anasimama, "Wewe baba, mbona umeinua mbili? Unataka tujitoe mara mbili?" na hema lote linaangua kicheko, na Crispus naye anacheka, anajisikia akicheka, na ndani ya kicheko hicho hicho linamjia lile ambalo hakuwa amelisahau, tuseme ukweli, alikuwa amelifunika tu, kwamba jana jioni alisema, "Nitasema," alisema kwa kinywa chake, mlangoni pake, bila mtu kumshika shati.

Godeliva alikuja wakati mke wake anasonga ugali, akakataa kiti, akasimama pale kwenye kizingiti na ile beseni yake ya njugu imebaki na za chini tu zilizoungua, miaka mingi sasa anauzia madereva wa malori njugu hapo barabarani, alitoka Burundi na mtoto mgongoni na mtoto huyo leo anavaa sare ya shule, akasema, "Baba Kadzo, nasikia kesho watauliza watu kama sisi tuondoke," na Crispus akasema, si kuondoka, ni mambo ya mkataba tu, mambo ya Nairobi hayo, na yeye akasema, polepole, kwa Kiswahili chake kile cha kupima, "Mkataba ukiondoka, mimi nabaki na karatasi gani ya kuonyesha polisi?" na Crispus akatazama ugali, kana kwamba jibu linapikwa humo, mama watoto akaacha kusonga, mwiko umesimama, na Godeliva akasema, "Wewe ni mtu wa kamati, watu wanakusikiliza, utatusemea?" na yeye akasema nitasema, akalisema upesi, ili mlango ufungwe wale ugali, ndiyo hivyo, sasa anaona kwamba alilisema ili wale ugali, lakini lilisemwa, na mtoto wa kike wa nyumba hiyo, Kadzo mwenyewe, alikuwa kwenye kona na vitabu vyake akasikia, akainua uso, akatabasamu. Na leo maikrofoni ilimfikia. Asije akajidanganya kwamba haikumfikia. Wakili wa kutoka Nairobi alikuwa amemaliza hotuba yake, jamaa ana maneno huyo, "Huu mkataba ulitiwa saini miaka ya sitini, nani hapa aliulizwa? Wewe mama, uliulizwa? Wewe mzee?" na watu, "Hatukuulizwa!" na yeye, "Waliotia saini wengi wako kaburini, kwa nini maneno ya marehemu yatufunge sisi tulio hai? Wao wanasaini Nairobi, nyinyi mnabeba Maungu! Na wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili..." na hema likamalizia kwa mngurumo, "ya tatu mpe jembe!" na Mwalimu Edith, aliyestaafu juzi juzi na ambaye bado anasimama kana kwamba nyuma yake kuna ubao, akaomba kusema, akasema, "Mimi nauliza tu. Tukijitoa, bomba litatoa maji zaidi? Mvua itanyesha? Maana nasikia kelele za maji hapa, na sioni maji yakitajwa kwenye huo mswada wa kujitoa," wakamzomea, wakamzomea mwalimu aliyewafundisha kusoma, aibu hiyo, akakaa akiwa ameshikilia mkoba wake kifuani, halafu Bi Carolyne akasema, "Mwenyekiti wa kamati ya maji naona yuko, una neno?" na maikrofoni ikawa mkononi mwake, nzito, ina jasho la watu wengine, na Crispus akasema... ee Mungu... akasema, "Wakili amesema, mwalimu amesema, mimi leo nimekuja kusikiliza tu," na akampa Maxwell.

Alikuja kusikiliza. Kusikiliza! Na Godeliva yupo, si kwamba hayupo, yuko nje ya kamba, ile kamba ya manila waliyoizungusha kwenye vigingi, ndani wenye vitambulisho, nje wengine wote, yuko pale na beseni yake kiunoni, na tangu hesabu ianze hajanadi njugu hata mara moja, na wenzake wawili watatu, na mama mmoja wa Kikamba anayeuza maji ya baridi, na Crispus ameinama kidogo nyuma ya mzee mnene wa safu ya mbele, ameinamisha kichwa, ameficha uso, mjinga wee, uso unaweza kuuficha nyuma ya mtu lakini mkono ulioinuliwa utaufichaje, uko juu ya vichwa vyote na saa inang'aa, saa ile ile aliyoivaa jana alipomwambia nitasema. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo wanavyosema, sasa yeye atachutama wapi, juu ya kiti cha plastiki? Labda hajaona. Labda anamtazama Ndanu. Labda kwa kule alikosimama mikono yote inafanana... na mbona unaomba asione, kama ni haki unayoitenda si ungeomba aone?... na Ndanu yuko safu ya tatu, anarudi nyuma mikono miwili, anahesabu tena.

Ni maji, ajitetee basi, ni maji, hakuna mtu wa Nairobi anayejua kukaa na jerikeni tupu kwenye foleni kuanzia alfajiri ukisikia treni inapita na watu wanaokunywa maji ya chupa madirishani, kioski kina bomba moja, na lenyewe linakohoa, siku likitoa maji ni sikukuu na siku lisipotoa ni yeye anayetukanwa, si serikali, yeye, baba Kadzo, mwenyekiti, na juzi watu walianza kunung'unika kwamba anapendelea wageni, tena wakaongeza na viungo, kwamba huyo Mrundi humpelekea njugu za bure kwa sababu gani, unajua watu, akaona heri aweke sheria, akasimama mbele ya foleni akasema wenyeji kwanza, na Godeliva alikuwa wa nne kutoka bombani, amefika kabla ya jogoo, na yeye Crispus akamwonyesha nyuma kwa kidole, hakumtaja hata jina, kidole tu, na mama huyo akainua jerikeni zake, akasema, "Sawa, baba Kadzo," akaenda nyuma kabisa, na maji yakakatika kabla hajafika. Angemtukana! Angepiga kelele kidogo tu, angemwita mwizi, dhalimu, chochote, mtu apate pa kushika. Sawa, baba Kadzo. Na tangu siku hiyo Crispus ana hasira naye, hasira ya kweli, inamkaa kifuani, akimwona barabarani anavuka upande wa pili, na jana alipokuja mlangoni hasira ilikuwepo, ilikaa chini ya lile nitasema kama majivu chini ya unga, na leo asubuhi ameamka nayo, amenywa nayo chai, amekuja nayo barazani. Hapo ndipo nyanya yake angepiga kelele. Nyanya alikuwa Mkristo wa kushika kitabu lakini hakuwahi kuacha kutasa, asubuhi kabla ya neno lolote la maana, kabla ya watu kukaa kuamua jambo, alichota maji akajaza kinywa, akayapuliza chini fuu, tena na tena, na katikati ya mipulizo akitaja hasira zake zote moja moja, nimekasirika na fulani kwa sababu hii, na fulani kwa sababu hii, zitoke, zitoke, moyo uwe baridi, na aliyekwenda kuamua jambo la watu bila kutasa alimwita mtu mwenye sumu, alisema hasira usiyoitaja haikai kimya, inakutafutia kazi. Nayo imetafuta kazi. Imepanda mkononi.

Kwa hiyo atase basi, si ana chupa ya maji hapa katikati ya magoti, wamegawiwa wote walio ndani ya kamba, chupa ndogo ya kuchekesha, anaichukua kwa mkono wa kushoto, anafungua kwa meno, mkono wa kulia bado uko juu, anajaza kinywa, Maxwell anamtazama, anadhani ni kiu, na Crispus anafumba macho na moyoni anaanza vizuri kabisa kama alivyofundishwa, nimekasirika na Godeliva kwa sababu... kwa sababu... alikuwa wa nne kwenye foleni. Hapana. Kwa sababu alikubali kwenda nyuma. Kwa sababu alisema sawa. Kwa sababu baada ya yote hayo alikuja mlangoni pangu akadhani mimi ni mtu mzuri... na maji yamejaa kinywani, mashavu yamevimba, anatafuta kosa la yule mama kila pembe ya moyo wake, analitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu, moja tu, dogo tu, la kupuliza nalo, na halipo. Hakuna. Mama alikuwa na kiu, basi. Hasira yote hii ni yake mwenyewe kwa nafsi yake, kaivisha nguo za mtu mwingine. Anayameza maji.

"Nimefika wapi?" anauliza Ndanu, na mtu anamtajia namba, na mwingine anasema siyo, na wanaanza kubishana, na Bi Carolyne anasema, "Mikono ibaki juu jamani, tuvumiliane," na bega limeanza kuuma, limeuma kwa nyuma, pale panapouma ukibeba mtoto muda mrefu, na Crispus anajiambia, basi kama si maji wala si hasira, ni lile la wakili, hatukuulizwa, hilo lina mantiki, hata mtu mzima anaweza kulisema bila kuona aibu, mkataba wa watu waliokufa, mimi nilikuwa wapi, sikuwa hata nimezaliwa... na hapo jina linamkaa kooni, jina ambalo watu wanamwita nalo kila siku na yeye anaitika bila kulisikia. Kadzo. Jina gani hilo kwa Mtaita wa mlima wa Kasigau? Si la Kidawida, lugha ya kwao. Ni la Kigiriama. Nyanya yake alikuwa Kadzo, na binti yake ni Kadzo, na kila kizazi cha nyumba hiyo kina Kadzo wake, na ukiuliza kwa nini utaketishwa chini uambiwe, yeye mwenyewe aliketishwa, akiwa mdogo, na nyanya alisimulia akichambua pojo bila kutazama juu: wakati wa vita vile vya kwanza vya Wazungu, Wajerumani walipanda wakakalia mlima wetu, na walipoondoka Waingereza wakaja wakasema, nyinyi ndio mliowapa chakula, nyinyi ni watu wa adui, wakachoma nyumba, wakatuteremsha mlimani mlima mzima, wazee na watoto, wakatupakia kwenye gari la moshi mpaka Mombasa na kututupa huko Malindi, joto, homa, tukafa kama kuku. Alisema tukafa, hali yeye hakuwa amezaliwa. Na mama yake alifika kwa bibi mmoja wa Kigiriama akiwa na tumbo kubwa, na Wagiriama wenyewe walikuwa wametoka kupigwa na Waingereza hao hao, nyumba zao zimechomwa, hawana kitu, na bibi huyo akatazama tumbo, akasema ingia, akagawa uji uliokuwa bakuli moja ukawa mawili, na mtoto alipozaliwa, ndiye nyanya, alipewa jina la bibi huyo, na wanaume wa nyumba hizo mbili wakachanjiana damu, wakaapa wao na watoto wao na watoto wa watoto wao, mmoja akibisha mlango wa mwingine hataulizwa ametoka wapi. Crispus hakuulizwa. Hakuna aliyemwuliza kabla ya kuapa, hata mbegu yake haikuwepo. Na siku walipomzika nyanya, Wagiriama walikuja, kutoka huko Malindi, mji mzima, na mbuzi wao na nyimbo zao, wakaketi safu ya wafiwa, hawakuketi ya wageni, na hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyesimama akasema haya ni mambo ya marehemu, sisi hatukuulizwa. Walipikiwa. Crispus mwenyewe aliwachotea maji ya kunawa, akaona fahari, alijisikia mtu mwenye ndugu wengi. Uji ule aliunywa yeye pia. Bila uji ule asingekuwa hapa ameketi, asingekuwa na mkono wa kuinua.

Na wao je, wale Wagiriama, kukiitishwa baraza kama hili huko kwao, karani akipita na kalamu, nani angeinua... basi, basi, usiende huko, bega linauma. Imebaki sababu moja, na hii ndiyo ya kweli, hii ya chini kabisa, aitoe basi yote yamalizike: anaogopa. Haya. Kasema. Mtu wa Kasigau ameogopa tangu tumboni, baba yake alikuwa akimwambia, wewe ukienda barazani kaa katikati, usikae mbele wala nyuma, wakicheka cheka, wakiinua inua, maana sisi tuliwahi kuitwa watu wa adui na jina hilo halifutiki, akitafutwa wa kusingiziwa ni sisi wa kwanza, na Crispus ameishi hivyo, katikati, amepata cheo cha kamati kwa kukaa katikati, na akishusha mkono sasa hivi, mchana peupe, Maxwell ataona, safu nzima itaona, kesho kwenye foleni watasema si tulisema, huyu na yule Mrundi wake, na kesho kutwa kamati itakuwa na mwenyekiti mwingine, na Maxwell anakitaka hicho kiti, mnafiki yule, ndiyo maana anadunga watu viwiko. Baba alisema kweli. Kaa katikati. Ila nyanya... mbona inamjia sasa, mbona haikuwahi kumjia siku zote hizo... nyanya alimsikia baba akisema hivyo, mara moja, akaacha pojo zake, akasema, mwanangu, umesikia vibaya hadithi hii. Siku ile chini ya mlima askari waliuliza nani aliwapa Wajerumani chakula. Wako waliosema ni fulani. Wako waliosema si sisi. Wako waliokaa katikati wakanyamaza, baba yangu alikuwa katika hao. Gari la moshi lilipakia wote. Basi na hofu yenyewe haina kazi, haijawahi kumwokoa mtu wa ukoo wake hata mmoja, na Crispus ameketi hapo na visingizio vyake vyote vimemwishia, kimoja baada ya kingine, amebaki na mkono tu, na mkono uko juu.

"Nimepotea," anasema Ndanu, na kweli amepotea, trela limepita barabarani likipiga honi ndefu na namba imemtoka kichwani, anavua miwani anafuta jasho, "Madam, nisamehe, tuanze upya. Shusheni. Shusheni wote." Na hema lote linashusha mikono kwa mguno mmoja, watu wanajinyoosha, wanakanda mabega, na Crispus anashusha wake, anauweka juu ya goti, damu inarudi kwa kuchomachoma, na jamani, furaha iliyomshukia, hajawahi kuona furaha namna hii, ni neema, ni neema tupu, Mungu mwenyewe amempotezea karani hesabu, hahitaji kusimama, hahitaji maikrofoni, hahitaji kuwa shujaa wala mwalimu Edith, anahitaji kutofanya kitu tu, kuketi, mkono ukae hapa ulipo juu ya goti, mtoto mchanga anaweza kufanya hilo. "Haya," anasema Bi Carolyne, "wanaotaka tujitoe, tena, mikono juu." Na mikono inapanda. Safu ya mbele, ya pili, ya tatu, mzee mnene, Maxwell. Wa Crispus uko gotini. Anautazama. Umekaa. Anaangalia kwenye kamba na kumwona Godeliva, na safari hii hainami, anamtazama kabisa, na Godeliva anamtazama, hatabasamu, hanuni, anatazama tu kama mtu aliye kwenye foleni, na Ndanu anakuja, hesabu inatembea vizuri sasa, safu ya kwanza imekwisha, ya pili inakwisha, na hewa ndani ya kifua cha Crispus ni nyepesi, kumbe ni rahisi hivi...

"We mzee, umelala?" Ni Maxwell. Anaangalia goti la Crispus, anaangalia uso wake, anacheka kwa sauti ya kusikiwa na wengine, "Mwenyekiti wetu amechoka jamani, ngoja nimsaidie," na anamshika kifundo cha mkono, palepale chini ya saa, anauinua pamoja na wake, juu, kama refa na bondia, na watu wa safu wanacheka, kicheko kizuri, cha watu wanaokupenda, na kiganja cha Maxwell ni cha joto na kimeshika kidogo tu, kidogo sana, hakuna nguvu ndani yake, ukivuta kidogo unatoka, Crispus anajua unatoka, anapima nguvu zile na zake na anaona anazo mara kumi, na havuti, anangoja, anangoja nini, anangoja labda Maxwell achoke, na Ndanu ameshafika, amesimama mbele yao na kalamu yake, anaangalia mikono miwili iliyoshikana, anashusha miwani puani.

"Hizi ni mbili. Hii ingine ni ya nani?"

Maxwell anaachia, ili karani aone vizuri. Anaachia kabisa, anarudisha mkono wake upande wake, na Crispus anangoja wa kwake uanguke, maana hakuna anayeushika sasa, hakuna kiwiko mbavuni, hakuna aliyelala, hakuna hasira iliyobaki wala hofu asiyoijua jina lake, anajua kila kitu, hajawahi kujua mambo mengi hivi kwa mara moja, na anangoja, na Ndanu anangoja, na kwenye kamba kuna watu wanaongoja, na mkono umesimama.

"Baba, nauliza, hii mkono ni ya nani?"

"Ni yangu," anasema Crispus, na Ndanu anauhesabu, anaendelea na Maxwell.